Marashi ya Ngozi, Wala Sinawi

Mke mwenzangu, mjukuu wangu Mwanaidi,

Hapa Mkata hatujambo. Mahindi yameanza kubeba, na mume wetu, babu yako, bado anabishana na redio.

Kichupa chako cha marashi kimefika. Unauliza uache kujipaka kwa kuwa wenzako kazini wanasema unanuka ngozi? Asubuhi nilijipaka mkononi. Mwanzo yalikuwa makali kama ganda la chungwa. Nikaenda kupalilia muhogo, mkono ukapata joto, na adhuhuri ikatoka harufu ya ngozi laini, kama zile alizokuwa akilainisha baba yangu kwa mafuta ya nyonyo.

Siku ya harusi yangu, somo aliyenifunda alinisugua liwa, akanifukiza udi, ili harufu hiyo ya ngozi za baba initoke. Nilipotoka jasho tu, ikarudi. Wifi akaziba pua, akataka nikaogeshwe upya.

Nikamwambia, "Siogi tena. Ngozi hizo ndizo zilizonilea. Asiyenitaka nazo, aondoke."

Bwana harusi akaingia, akanusa kiganja changu, akaketi kando yangu.

Jipake, tena mpaka shingoni. Mimi tangu asubuhi sijanawa huu mkono. Mume wetu amezima redio, kaja kukaa karibu.

Bibi yako