Ingobyi Haikuingia Kwenye Jipu

Jumamosi, mwezi wa nne, 1993. Masaka. Mvua tangu saa nane mchana.

Daftari langu, ninakuandikia nikiwa nyuma ya usukani wa gari ambalo asubuhi sikutaka hata kulitazama. Mvua inapiga bati la juu kama ngoma ya watu waliolipwa kabla ya kazi. Kioo cha kushoto hakipandi, kwa hiyo bega la kushoto limelowa. La kulia linauma, lakini sababu yake ni nyingine, nitaifikia.

Sijatulia. Wiki nzima sijatulia, na mji wenyewe haujatulia. Redio inasema hivi, majirani zangu kule Nyakabanda wananong'ona vile, barabara ya kaskazini imefungwa kwa vita, na kila mtu anatembea kama aliyesahau kitu nyumbani. Mimi nikikosa utulivu dawa yangu ni moja tangu utoto: kuondoka. Niliishia darasa la sita, lakini jiografia nimeisoma kwa matairi. Nimepeleka lori Mombasa. Nimelala Dar. Nimevuka kwenda Bukavu mara nyingi kuliko mapadri. Kimisagara nzima wananiita Mombasa, na jina hilo sikulipinga hata siku moja.

Kwa hiyo nilipotangaza kwenye kabare, baa yetu ya mtaani, kwamba ninauza Korola yangu ninunue gari la milima, hakuna aliyeshangaa. Niliwaambia nataka gari la kupita msitu wa Nyungwe wakati wa matope, la kushuka mpaka ziwani, la kwenda mahali ambapo barabara yenyewe imekata tamaa. Walinipigia makofi. Niliwanunulia bia.

Sikuwaambia sababu ya kweli.

Sababu ya kweli inaitwa Donatila. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Mimi nililelewa Bujumbura kwa mjomba, ndiko nilikopata Kiswahili na mdomo huu; yeye alibaki hapa Masaka, nje ya mji, kwa bibi, akaolewa hapa na Viateri, mkulima asiyesema maneno kumi kwa siku. Wanakaa juu kwenye kilima. Gari la kawaida haliwezi kufika kwao mvua ikinyesha, na sasa inanyesha. Donatila atajifungua mwezi huu.

Mwaka juzi pia alikuwa ajifungue. Nitaandika hilo chini kidogo. Acha kwanza nicheke.

Soko la magari limekuwa wazimu. Faranga imelegea, magari yote yanazungukia Tanzania ndipo yaingie, na wageni wa mashirika ya misaada wananunua chochote chenye magurudumu manne yanayovuta, hata kama kuku ametagia ndani. Bei ambayo zamani ingenipa gari na ng'ombe wa kulifuata nyuma, leo inanipa gari lisilo na kioo. Bosco, komisyoneri wangu, yule anayeunganisha wauzaji na wanunuzi pale garagi ya Kimisagara, alikuwa ananipigia kelele kila siku: "Patroni, leo ni leo! Kesho hii gari iko na mzungu!"

Gari alilokuwa akilisema ni jipu jekundu. Fupi, pana kifuani, tairi la akiba limebebwa mgongoni, taa mbili za ziada juu ya boneti. Daftari, nililipenda. Nilikaa ndani yake Jumatano nikajiona kwenye kioo cha pembeni, nikasema kimoyomoyo: ndiyo, huyu mwanamume ametembea dunia. Nilimwambia Bosco alishike mpaka Jumamosi.

Lakini kichwani nilikuwa na hesabu moja: Donatila lazima aweze kulala nyuma. Huku milimani mgonjwa anabebwa kwa ingobyi, kile kitanda cha kusuka chenye miti miwili mirefu, na wanaume wanne mabegani. Kila nyumba iliyo kwenye chama cha ingobyi inatoa mtu wa kubeba. Ukiugua, chama kinakuja. Kwa hiyo nikampelekea Viateri ujumbe: chukua kamba, pima urefu wa ingobyi yenu, niletee kamba hiyo Jumamosi asubuhi garagini.

Kazi ndogo, sivyo?

Leo saa tatu nilikuwa garagini, nimevaa koti langu la ngozi, nimeegemea jipu kama vile tumezaliwa pamoja. Nikasikia watu wanacheka kuanzia barabarani. Nikageuka. Viateri huyo anakuja, na wanaume watatu, wamebeba ingobyi yenyewe mabegani. Tupu. Kutoka Masaka, kwa miguu, kupitia katikati ya mji.

Nilitaka kuingia chini ya jipu nijifanye fundi.

Nikamuuliza, "Shemeji, nilisema kamba!"

Akafuta jasho. "Kamba wanapimia jeneza. Mke wangu ana mimba. Sipimi."

Yule mrefu nyuma yake, Kanyoni, mwenye meno mazuri na dharau nyingi, akaongeza, "Njiani kila mtu anatupisha na kutupa pole. Mama mmoja amelia kabisa. Tukamwambia, mama, nyamaza, iko tupu. Akauliza, mgonjwa mmemwangusha wapi?"

Garagi nzima ikaanguka kwa kicheko. Wanajeshi nao, kwenye kizuizi, walikuwa wamewasimamisha na kupapasa mkeka wa ingobyi wakitafuta bunduki. Wakawauliza wanakwenda wapi na ingobyi isiyo na mtu. Viateri akajibu ukweli wake: "Kununua gari." Wakawaachia. Nadhani waliwaonea huruma.

Basi tukafungua mlango wa nyuma wa jipu. Tukasukuma ingobyi. Ikaingia mpaka nusu, ikagota viti vya mbele. Tukaitoa, tukalaza viti, tukaipeleka kwa upande, tukaipandisha juu kidogo. Bosco akasukuma, mimi nikavuta. Karibu mita nzima ilibaki nje kama ulimi.

Watu walikuwa wamejaa. Hapo ndipo lilipoanza kusema lile domo langu la Mombasa. Nikasema si tatizo, tutafunga mlango kwa kamba, miguu itatokeza kidogo, kwani ni nini, nimebeba mbao ndefu kuliko hizo kutoka Bukavu.

Viateri aliingiza kichwa ndani ya jipu, akatazama kila upande, akatoa kichwa.

"Na sisi?" akauliza.

"Ninyi nani?"

"Wabebaji. Tunakaa wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Shemeji, gari likishamchukua mgonjwa, wabebaji wa nini tena? Mtarudi nyumbani mkapumzike!"

Hakuna aliyecheka. Hata Kanyoni aliacha kucheka. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeketi juu ya jiwe la kusagia bila kujua ni mwiko.

Sasa niandike lile la mwaka juzi, maana nimelikimbia vya kutosha.

Siku ile Donatila alishikwa na uchungu alfajiri. Nilikuwa nimeapa kwamba nitamsubiri chini ya kilima na Korola, watu wa ingobyi wamshushe tu, mimi nimalizie. Nilitoka mjini kwa majigambo, nikapiga honi njia nzima. Pale kwenye bonde, kabla ya kilima chao, Korola ilizama kwenye matope mpaka milango. Nilikanyaga mafuta nikaizamisha zaidi, mimi dereva wa dunia. Nikakaa ndani, nikaisubiri ingobyi.

Ikaja. Wale wanaume walinipita. Hawakunitukana, hawakunilaumu. Mmoja wao alikuwa Kanyoni huyu huyu. Aliniambia, "Njoo ushike." Nikashika. Mti ule ukanikaa begani, na juu yake nikamsikia dada yangu akihema. Kabla hatujafika hata kwenye kona nikaomba kupokezana. Kabla ya kona, Daftari. Nikaambiwa nipumzike. Wakaendelea bila mimi, nikabaki nyuma nikipapasa bega.

Walifika hospitali mchana. Mtoto alikuwa ameshatutoka. Wanaume wale wanne walilala siku mbili uani hospitalini juu ya nyasi, wakamsubiri Donatila, wakambeba tena mpaka nyumbani. Ndiyo desturi yao: hawakuachi kwenye mlango wa hospitali kama mzigo. Aliyekubeba kwenda ndiye anayekubeba kurudi, uwe vyovyote utakavyokuwa.

Mimi nilirudi kumwona Jumanne iliyofuata, na biskuti.

Kwa hiyo nilipowaambia leo kwamba warudi nyumbani wakapumzike, nilijisikia mwenyewe. Nilisikia biskuti zile.

Nikamwambia Bosco, "Funga hili jipu." Akalalamika, akashika kichwa, akasema mzungu yuko njiani. Nikamwambia mzungu alichukue, litamfaa, hana ingobyi.

Kwenye kona ya garagi, karibu na mapipa, lilikuwepo hili. Pikapu kuukuu, rangi yake ilikuwa ya buluu enzi za mtu mwingine. Limebeba mbuzi miaka mingi na mbuzi hawajasahaulika. Lakini magurudumu yote manne yanavuta, na nyuma mwenye nalo alichomelea mabenchi mawili ya chuma, moja kila upande. Fundi Hamisi, mwenye garagi, alikagua chini, akagonga chesisi kwa spana, akasikiliza kama daktari, akasema, "Uzuri sioni. Kufa pia sioni."

Viateri na wenzake hawakungoja ruhusa. Waliinua ingobyi, wakaiteleza katikati ya mabenchi, ikaingia mpaka mwisho. Kisha wakapanda, wawili huku, wawili huku, magoti yao yakagusa ile miti. Walikaa hivyo, kila mmoja mkono juu ya mti wake, kama watu wanaoingoja kazi ambayo bado haijaja.

Nikapiga kelele: "Hili! Hili hapa! Ndilo hili!"

Mimi, niliyewahi kubishana bei na Wahindi wa Mombasa mpaka wakanipa chai! Nilipiga kelele kabla ya kuuliza bei, mbele ya mwenye gari, ambaye alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu akila karanga. Alitafuna taratibu, akatazama ingobyi, akanitazama mimi, nikaona bei ikipanda usoni mwake kama zebaki.

Sitaandika alichonitoza. Korola imekwenda. Koti la ngozi limekwenda pia. Mwenye gari amelivaa, na linamkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi, jambo linaloniuma kuliko bei.

Tukaondoka. Kwenye kizuizi wanajeshi walewale wakawaona wale wanne wamekaa na ingobyi yao tupu juu ya pikapu. Mmoja akapiga saluti kwa mzaha: "Kumbe kweli!" Siku hizi pale watu hawacheki. Leo walicheka.

Mvua ikaanza tulipofika bondeni. Nilipaona mahali penyewe pa Korola. Nikaingiza gia ya kuvuta magurudumu yote, sikukanyaga sana, nikaliacha lijitafutie. Likateleza, likajitikisa, likashika. Tukapita. Huko nyuma wakapiga bodi kwa viganja, na nikasikia sauti ya Viateri ikiimba. Sikujua kwamba huwa anaimba.

Donatila alitoka na tumbo lake mbele, akazunguka gari zima. Akanusa.

"Kaka, hili ndilo lile jekundu ulilosema?"

"Limebadilika rangi njiani."

Akacheka mpaka akashika kiuno, sisi wote tukamkimbilia, akatufukuza: "Bado! Acheni wazimu!"

Kisha tulilazimika kuirudisha ingobyi mahali pake, nyumbani kwa mwenyekiti wa chama, juu zaidi, ambako hata hili gari haliwezi. Kanyoni alisogea tu, akaniachia nafasi ya mbele, kulia. Nikaingiza bega. Tukapanda kwenye utelezi, mvua usoni. Kwenye kona akaniuliza kama nataka kupokezana.

Nilitaka. Mungu anajua nilitaka.

Nikafika nayo mpaka mlangoni. Ilikuwa tupu, na bado imeniachia alama begani, ninaishika hapa ninapoandika. Mwenyekiti aliniuliza jina langu la kweli, lile la kubatizwa, akaliingiza kwenye orodha ya wabebaji. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho mtu aliliandika mahali.

Sasa gari limesimama nje ya nyumba ya Viateri. Starta yake si ya kuaminika, kwa hiyo nimeliegesha pua ikitazama bondeni. Likikataa, tunalisukuma kidogo linawaka lenyewe. Jiwe chini ya tairi. Matangi yamejaa. Kila kitu kiko tayari kuondoka.

Ila haliondoki. Hapo ndipo nilipofanya kosa kwenye hesabu zangu zote za Nyungwe na Bukavu. Gari hili nimelinunua ili likae. Lisimame hapa, na dereva wake awe karibu nalo, wiki mbili, labda tatu, mpaka Donatila apige kelele. Hakuna dereva mwingine kilimani. Viateri amenitandikia mkeka jikoni. Wenzangu wa kabare watadhani niko msituni ninapambana na matope, na sitawasahihisha.

Mimi sijawahi kukaa mahali pamoja wiki tatu tangu nilipoota ndevu. Tayari miguu inaniwasha. Nimeshagusa ufunguo mara mbili tangu nianze ukurasa huu, bila sababu.

Donatila ameleta chai ya tangawizi dirishani, kwenye kile kioo kisichopanda. Amenitazama, akatazama ufunguo, akauliza kwa upole kama ninakwenda mahali.

Nimemwambia hapana. Ufunguo nimeuchomoa, nimempa yeye auweke.

Je, kesho asubuhi nitaweza kuamka hapa hapa, na kesho kutwa pia?