Kiti cha Wageni

Musili, leo Jumanne tarehe tisa mkono umenikataa mbele ya watu wote walioleta ndengu kupimwa.

Nilikuwa naandika kilo kwa kompyuta ya ushirika, vidole vikafa ganzi. Kile kipanya cha kompyuta kikaanguka. Watu wakacheka.

Unajua vile nakaa. Kompyuta iko juu ya meza ya mizani, mimi niko chini kwa kistuli cha kukamia mbuzi, mabega yamefika masikioni. Asubuhi mpaka jioni.

Na kiti kililetwa pamoja na kompyuta, kile cha kupanda na kushuka. Mwenyekiti wetu Nzioka akakifungia ofisini, ati ni cha wageni. Mpaka leo hakijatolewa nailoni.

Nikamwomba nikikalie. Akasema, "Mbuvi, kwani kipanya ni gunia? Hiyo ni uzee."

Kwani kipanya ni gunia. Mbele ya watu, Musili.

Hawa wakubwa wanatuua wakiwa wamekaa vizuri.

Sasa niko nyumbani na nimeshindwa kufungua vifungo vya shati. Tangu nimzike mke wangu hakuna mtu hapa.

Nimemwandikia Nzioka kwa simu. Amesoma, nimeona alama za buluu. Nimemuuliza tu: huu mkono ukifa kabisa, nani atanivua shati?