Jiwe la Vyungu Limerudi Kutoka Tunduru

Majengo, Songea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na kile kikohozi kimekuachia? Mimi mzima kabisa. Baridi ya Songea imeanza kuuma, naingia darasani nimevaa lile sweta lako la kijani, na wanafunzi wananong'onezana kwamba mwalimu kaja na blanketi.

Kwenye simu nilikwambia tu kwamba jiwe limepatikana, nawe hukunipa hata nafasi ya kueleza. Nilisikia simu ikitupwa mezani na wewe ukimwita Neema kwa vigelegele. Basi nakuandikia kisa chote, huyo mdogo wangu Neema akusomee taratibu.

Nililiweka dirishani, mahali pa kuliona kila niamkapo. Unajua lilivyo, jekundu la kahawia, linang'aa kwa miaka yote ambayo bibi na wewe mmelitumia kusugua vyungu vibichi ving'ae. Uliponipa pale stendi, siku ninakuja huku kuanza kazi, ulisema, "Chukua, usinisahau," kana kwamba nina mwingine wa kumkumbuka. Sasa hapo dirishani ndipo mama mwenye nyumba wangu, Bi Sauda, alipoliona. Yeye ni Myao wa Tunduru, na kwao, kwenye machimbo ya vito, jiwe linalong'aa hawaliachi dirishani. Kaka yake ni dalali wa madini. Alipokwenda kwao harusini akalifunga kwenye leso, akaondoka nalo bila kunigusia. Hakukusudia kuiba. Alitaka kuniletea utajiri, anishtukize.

Mimi huku nimepindua chumba kizima. Nilimshuku kila aliyepita koridoni, hata fundi wa umeme, Mungu anisamehe. Nilipokupigia nikilia ukasema, "Si neno, ni jiwe tu," nilijua unanidanganya, maana ulikata simu upesi mno.

Bi Sauda alirudi Jumapili na mfuko wa korosho, uso umemshuka. Akaketi kwenye stuli yangu, akafungua leso.

"Mwalimu, mwanangu, nisamehe. Nilidhani umekalia mali hujui. Kaka yangu kalimulika na tochi, kalimwagia maji, kasema halina kitu. Wallahi, hata nauli yangu ya kurudi halifikii."

"Hakulivunja?"

"Alishika nyundo alipasue aone ndani. Nikamwambia weka chini, hilo la mtu, nalirudisha zima."

Mama, niliruka kama mtoto! Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuambiwa kitu chake hakina thamani akafurahi kiasi kile. Nilimkumbatia, nikacheka, nikalia, machozi na kamasi vyote begani kwake. Hasira niliyokuwa nimemwekea mwizi wangu sikujua imekwenda wapi. Yeye akaniuliza:

"Sasa kama si la pesa, unalilia nini?"

Nikamwambia ni la mama yangu, la kusugulia vyungu, nikamwekea jiwe mkononi. Akaligeuza huku na huku, mpaka dole gumba lake likaangukia pale palipobonyea kwa kushikwa. Akajaribu kulilaza dole humo, likawa nene, halikuenea.

"Mama yako ana kidole chembamba," akasema, kisha akanirudishia jiwe kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo kila anayekuja kumtembelea anaambiwa habari zako, na korosho ninazokutumia pamoja na barua hii ni zake, za kukuomba radhi. Mgawie na mjomba Eliesa wa mashine ya kusaga, maana najua atakuja kunusa. Msalimie sana shangazi Nambike, mwambie bado naimba kwaya, ila huku wameniweka sauti ya pili. Na Neema aache kuogopa udongo, vyungu vya kwanza vya kila mtu hupasuka.

Sasa hilo uliloniagiza baadaye kupitia Neema, kwamba nilirudishe nyumbani kabla halijapotea tena. Neema anasema kokoto jipya uliloliokota mtoni linasugua vizuri. Basi, Mama, hili niachie. Kwako ni kifaa cha kazi. Mimi kila jioni nikitoka shuleni naweka dole gumba langu pale lako lilipochimba, nalo linaingia lote. Huku Songea sina pengine pa kukushika mkono.

Ni mimi mwanao,
Nakijwa