Fingo la Baba na Kurasa Zangu Nne

Jumatano. Wingu limetanda tangu alfajiri na mvua haishuki. Karafuu zimeanikwa majamvini, kila mtu jicho moja kwenye karafuu, jingine mbinguni. Mie leo sina habari na mvua.

Shajara yangu, nimefanya kosa.

Jumamosi mbili zilizopita, darasani Wete, mwalimu wetu wa uhusiano wa kimataifa alitufundisha mtanziko wa usalama. Nchi moja inanunua silaha ili ijilinde. Jirani yake haoni kinga, anaona shari, naye ananunua. Hakuna anayetaka vita, na vita vinakuja. Akatupa mifano ya mataifa yanayorundika makombora hivi sasa, kila moja likiapa kwamba linajihami tu. Kisha akaongeza: silaha isiyojulikana haimtishi mtu, lazima adui ajue unayo. Niliandika kurasa nne, nikajiona msomi kwelikweli.

Baba alikuwa amezika fingo mpakani, baina ya mikarafuu yetu na ya mdogo wake, Ami Khatib. Wezi wametuchosha msimu huu, na fingo ni kinga ya shamba: anayeingia kwa ubaya limpate. Alitwambia mie na mama tu. Nami na kurasa zangu nne nikaona Baba amekosea kanuni. Tulipokutana kisimani nikamwambia Bi Time, mke wa Ami, kwa makusudi, ili maneno yaenee na wezi wasikie.

Wezi sijui. Ami alisikia.

Alichosikia ni kwamba kaka yake amemzikia kitu mpakani. Siku tatu baadaye Bi Time akashikwa na homa, homa hii hii inayopita kila nyumba. Ami hakuuliza. Alikwenda Msuka, akarudi na mganga, mzee tusiyemjua, amebeba kapu lililofunikwa kaniki. Baba alipoliona lile kapu akasema naye atamtafuta mtu wake, tena wa kweli. Nilimsihi akazungumze na nduguye.

"Aanze yeye," akanijibu. "Mie najilinda tu."

Baba hajafungua kitabu changu hata siku moja, na maneno ni yale yale yaliyomo humo.

Leo adhuhuri msikitini, baada ya sala, Ami hakumpa Baba mkono. Watu wamelichukulia kwa mzaha: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Labda. Lakini Baba amerudi akakaa barazani, na wali wake umepoa mpaka mama akauondoa.

Kisima chetu ni kimoja, babu alikichimba kwa ajili ya nyumba zote mbili. Alasiri nimekwenda kuteka, nikakuta kwenye kamba ya ndoo kumefungwa kitambaa chekundu ambacho jana hakikuwepo. Pengine kamba ililegea, mtu akaiunga kwa alichokuwa nacho. Nilijiambia hivyo mara mbili, tatu. Mie, mwanafunzi wa chuo, ninayewacheka wanaoogopa vitambaa.

Nimerudi na ndoo tupu.

Mama aliponiuliza nikaona haya kusema nimeogopa. Nikasema kamba imekatika. Uongo mdogo tu, wa kujisitiri. Mama akaupeleka kwa Baba barazani, na ulipofika kule haukuwa tena "kamba imekatika". Ulikuwa "wametukatia kamba".

Mwezi ujao tuna mtihani, na swali nalijua: je, vita vinaweza kuanza bila ya mtu kuvitaka? Nina jibu la kurasa nne. Halina pahali hata pamoja panaposema aliyevianzisha afanye nini.

Naandika haya nikiwa chumbani. Inanipasa niende kwa Baba nimwambie kamba ni nzima, kisha niende kwa Ami nimwambie aliyetangaza fingo ni mie na kwa nini. Baba atanichukia. Ami huenda asiniamini.

Uani Baba anamwuliza mama panga liko wapi.

Nakwenda.