Shavu la Wekesa

Malava, Alhamisi

Ningejua, nisingempa mama ile karatasi ya kwanza.

Ilikuwa programu ya mazishi ya mdogo wangu Wekesa, nimeiprinti mwenyewe hapa kwenye saiba yangu, duka la kompyuta na uchapishaji. Picha yake ilitoka safi. Mama akaishika, akampapasa mwanawe shavuni kwa kidole gumba. Wino ukafutika, shavu likabaki kidoleni.

"Hata kwa karatasi amekataa kukaa," akasema.

Na mimi ndiye fundi! Karatasi ikiwa nzito, lazima uiambie mashine, ndipo ipate moto wa kutosha wino ushike. Nilisahau. Huwa sisahau.

Nimerekebisha, nikaprinti upya. Nimeisugua kwa nguvu, haifutiki. Nikampelekea mama.

Aliitazama kwa mbali tu. Mikono alikuwa ameificha ndani ya leso aliyojifunga.