Nilikula Kiapo cha Reli, Sasa Napanda Baiskeli

Mpendwa Bi Hortense,

Naomba msaada wa safu yako ya ushauri gazetini, na unisamehe nikikuomba uharakishe kidogo, maana juzi daktari wangu, kijana mpole asiyejua kusema uongo, alinishauri nisinunue tena jibini linalohitaji kukaa likomae, na mtu wa Burgundy, huku Ufaransa kwenye mvinyo na jibini, akiambiwa hivyo haulizi swali la pili. Nina miaka themanini na saba, nilifundisha historia maisha yangu yote, moyo wangu sasa unafanya kazi kwa hisani tu, na kabla haujagoma kabisa nataka kuungama dhambi ambayo padre wetu hataielewa, kwa sababu padre mwenyewe huitenda kila Jumatatu akiwa amevaa kaptura ya kubana.

Dhambi yenyewe ni baiskeli.

Unaikumbuka reli yetu ya zamani, ile iliyoufuata mto katikati ya mashamba ya mizabibu. Wakubwa walipoifunga, mimi ndiye niliyeanzisha Chama cha Kurudisha Treni, na mimi ndiye mwenyekiti wake tangu siku hiyo, na walipokuja kung'oa vyuma na kumwaga changarawe laini na kupaita mahali pale Njia ya Kijani, ya baiskeli na waenda kwa miguu tu, gari marufuku, nililala chini mbele ya tingatinga, nikapigwa picha, nikabebwa na askari wawili ambao wote niliwafundisha na wote walikuwa wazito wa kuelewa. Wiki ile ile tulikata kipande cha reli tukakiweka mezani katikati ya chupa za mvinyo, kila mwanachama akaweka mkono juu yake na kuapa kwamba hatakanyaga Njia ya Kijani, kwa mguu wala kwa gurudumu, mpaka treni irudi. Kiapo hicho nilikitunga mimi. Kina vifungu sita na maneno ya Kilatini.

Makamu wangu ni Anselme Chaudron. Simfichi jina, kwa kuwa kijiji chetu ni kidogo kiasi kwamba hata ukimwita Bwana Fulani watu watasema, "Aa, Anselme." Ndiye aliyeendesha treni ya mwisho kwenye reli ile, akashuka analia, na tangu hapo tumekuwa kama kidole na kucha. Sasa binti yake, Nadège, akainunua stesheni yetu iliyokuwa imekufa, ambayo huwezi kuifikia bila kukanyaga Njia ya Kijani, akaifanya mgahawa na mahali pa kukodisha baiskeli, na siku ya ufunguzi Anselme alikuja kwangu amenyoa ndevu, amevaa koti lake la harusi, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Mwenyekiti," akaniambia, "niende? Ni mwanangu."

Nami, Bi Hortense, nikamjibu, "Ndugu yangu, kiapo ni kiapo."

Akageuka akaenda zake nyumbani na koti lake. Hajatia mguu pale mpaka leo, na Nadège, aliyerithi kichwa cha baba yake pamoja na pua, alisema kama baba haji kwake, basi naye haendi kwa baba.

Mwaka jana miguu yangu ilinikataa. Jirani yangu Ghislaine, ambaye zamani darasani nilimpa sifuri kwa kuandika kwamba Joan wa Arc, yule aliyechomwa moto, alikufa kwa mafua, alinunua baiskeli ya matairi matatu, yenye mota ya umeme nyuma na kiti kipana mbele kama cha bwana harusi, akaja nayo mpaka mlangoni pangu.

"Panda, Mwalimu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa daktari wa macho."

Barabara kuu imejaa malori, kwa hiyo tulipofika kwenye kibanda cha yule aliyekuwa mlinzi wa kivuko cha reli, Ghislaine akakata kona, na kabla sijakohoa tulikuwa juu ya Njia ya Kijani.

"Ghislaine! Nishushe! Nimeapa!"

"Shuka basi, Mwalimu," akasema, wala hakupunguza mwendo.

Sikushuka. Nakwambia kweli, sikujaribu hata kushuka. Treni haipendi vilima, kwa hiyo njia ile haina vilima, inateleza tu, mto kushoto, mizabibu kulia, hakuna honi, hakuna moshi, hakuna mjinga anayekupita kwa nguvu kwenye kona, ng'ombe weupe wanakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa, na kila daraja nililijua, kila nguzo, na nikatambua, nikiwa nimefunikwa blanketi kama mtoto mchanga, kwamba reli yangu niliyoililia miaka yote ilikuwa hapa hapa, na mtu pekee aliyekatazwa kusafiri juu yake nilikuwa mimi. Tulipoingia kwenye handaki nikapiga mluzi wa treni kwa mdomo wangu. Familia ya Waholanzi iliyokuwa inakuja mbele yetu na mizigo yao ilijibana ukutani na kuvua kofia.

Kwa daktari wa macho hatukufika. Tulifika stesheni, kwa Nadège, na tangu siku ile tunakwenda kila Alhamisi. Huwa navaa helmeti, miwani ya jua na skafu mpaka puani, lakini Nadège alinitambua kabla sijaketi, akasema katika wilaya nzima hakuna mtu mwingine anayesahihisha maandishi ya ubao wa vyakula. Hakunifukuza. Huniletea mvinyo mweupe na maandazi ya jibini yaliyotoka tanurini sasa hivi, kisha huuliza huku akifuta meza ambayo tayari ni safi.

"Baba hajambo?"

"Hajambo. Anakohoa."

"Anakohoaje?"

"Kikavu."

Hapo huchukua maandazi mawili akayafunga kwenye kitambaa cha karatasi, akafikiri, akayafungua, akayarudisha kwenye sahani yangu. Nami huyala. Ndivyo nilivyo.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Jumamosi ya wiki ijayo ni mkutano mkuu wa chama, na Anselme ameandaa nipewe uenyekiti wa maisha. Wa maisha! Nilijizuia nisicheke kwa sababu kucheka kunanibana kifua. Wanachama wote watarudia kiapo mbele ya kiti changu. Alipokuja kunipa habari alinishika mkono akasema, "Aristide, nilipotaka kulegea ni wewe uliyenisimamisha. Sitasahau." Usingizi ukanihama.

Nifanye nini? Niungame mbele ya mkutano, kwa hotuba fupi ambayo tayari nimeianza? Nimwachie wakili maneno yasomwe nikishazikwa, wakati hakuna anayeweza kunirushia kitu? Au nife na siri yangu? Nitakapokuwa nimetubu, je, Alhamisi zangu nitaruhusiwa kubaki nazo? Chapisha majina yetu yote, nimechoka kuvaa miwani ya jua mwezi wa Novemba.

Wako, msaliti wa kila Alhamisi,
Aristide Vuillemin

*

Mwalimu, shikamoo. Adabu yangu imeishia hapo.

Umekuja kuungama wizi wa kuku huku umebeba ng'ombe wa mtu begani. Baiskeli si dhambi. Mzee wa umri wako akisukumwa kando ya mto na mwanamke aliyemsamehe sifuri yake, akapiga mluzi handakini na kuwatia Waholanzi hofu ya Mungu, hiyo ni neema, na ningekuona mpumbavu kama ungeshuka. Kuhusu kiapo, chama chenu kilikula kiapo cha kugombana na changarawe. Changarawe haikusikia, wala treni haikurudi. Aliyesikia ni baba mmoja.

Umenipa hadithi ndefu ya mizabibu na ng'ombe weupe, na mistari michache tu ya Anselme mlangoni na koti lake la harusi. Soma tena mistari hiyo, Mwalimu, na usome kama unavyosahihisha kazi za wengine. Mtu hanyoi ndevu ili aje kuomba ruhusa. Alikuwa ameshaamua kwenda. Alichokuja kutafuta kwako ni rafiki wa kumwambia, "Ngoja nivae viatu, nakusindikiza." Wewe ukampa kifungu cha sita. Kisha, miguu ilipokuchoka, ukaenda kuketi kwenye kiti ambacho kilikuwa chake, ukaulizwa habari za kikohozi ambazo angepaswa kuulizwa mwenyewe, ukala na maandazi yake. Mvinyo nao ulikuwa mtamu, sina shaka.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Ni vigumu mtu kugundua mwishoni kwamba alilolipigania lilikuwa chini ya miguu yake. Lakini huruma yangu haikupi ruhusa ya kumtumia wakili. Kusema ukweli ukiwa kaburini ni kutupa jiwe na kukimbia, na wewe hata mbio huna. Mkutano mkuu pia hapana. Nakujua mtu wa aina yako. Hotuba fupi itakuwa na utangulizi, Kilatini kitaingia, watu watalia, watakupigia makofi, na utatoka pale shujaa kwa mara ya pili huku Anselme akiwa amekaa safu ya mbele kama mjinga. Aliyekoseshwa ni mmoja, basi asikie mmoja kwanza.

Tena umekuwa mwoga hata katika kuomba ushauri. Ulisema nichapishe majina ukitumaini gazeti litakusemea. Haya, nimechapisha. Bwana Anselme, najua nawe unasoma, kwa sababu safu hii inatazamana na matangazo ya vifo, na kila mzee wa wilaya hii huanzia hapo kuona nani kamtangulia. Nawe una lako. Mtu mzima haombi kibali cha mwenyekiti kwenda kumwona mwanawe. Kasirika utakavyo, lakini gawa hasira hiyo sawasawa, na fungu moja ubaki nalo mwenyewe.

Mwalimu, hesabu uliyobaki nayo ni fupi. Anselme akishasoma haya atakuwa ameshavaa viatu, anakuja kwako. Usimtume Ghislaine aseme umelala. Fungua mlango wewe mwenyewe, hata kama itakubidi ushike ukuta. Usianze na wakubwa waliofunga reli, usianze na tingatinga. Sema, "Nilikuzuia, na nilikosa." Sema na mahali unapokwenda kila Alhamisi na anayekuuliza nini huko. Uenyekiti wa maisha mwambie ampe mwingine mwenye maisha. Akikujibu kwamba kiapo hakifutwi bila mkutano mkuu, na atakujibu hivyo, maana sisi hata siku ya kiyama hatutafufuka mpaka akidi itimie, mwambie wewe ndiye uliyekitunga na wewe ndiye unayekichana. Halafu nyamaza. Ana matusi ya miaka mingi, yapokee yote, na kwa heshima ya rafiki yako usife katikati.

Akimaliza itakuwa karibu na saa ya chakula cha mchana, na hapa kwetu sijaona bado hasira iliyokiruka chakula cha mchana. Mpandisheni kwenye kiti cha mbele ukae kando yake, Ghislaine akanyage, mwende mpaka stesheni. Alhamisi zako baki nazo, sina ugomvi nazo. Ila siku hiyo mlangoni aingie peke yake. Wewe subiri nje na blanketi lako, Mwalimu, hata wakichelewa, hata baridi ikikuuma, na usigonge dirisha.