Ratiba ya Kuokoa Dizeli

Janet, uko wapi?

Unaikumbuka ile ratiba ya umeme wa sola hapa kisiwani, ya kupunguza dizeli? Ile niliyojisifia kwako?

Leo mawingu yametanda tangu asubuhi, betri zikakaribia kuisha. Jenereta haikuwaka, maana kwenye ratiba niliandika mchana ni jua tu. Mfumo ukaanza kumkatia umeme mteja anayelipa kidogo, ili mtambo wa barafu ya samaki usizime. Nimeupanga mimi hivyo. Mimi!

Wa kwanza kukatwa ni zahanati, Janet. Zahanati!

Mzee Ojwang alikuwa kwenye mashine ya oksijeni. Amefariki.

Nimefika mbio. Nesi Shamsa hakunifokea. Kaniuliza tu, "Barafu yenu haijayeyuka?"

Na mimi nikamjibu. Janet, nilimjibu! "Haijayeyuka."